Ufa Kando ya Kulabu

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Huku tu wazima, kinachotusumbua ni kelele za grenda tu, na hizo ni zangu mwenyewe.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Jana ulipiga kelele kwa kuwa husikii, nami nikapiga kelele ili usikie, majirani wakatoka nje kuangalia nani anagombana na mama mkwe wake. Binti yako amecheka mpaka leo asubuhi. Basi tuandikiane. Konda wa basi la alfajiri ni mtu mwaminifu, na barua haihitaji masikio.

Kiti chako cha magurudumu anacho konda huyo, kimefungwa kwa maboksi. Ni alumini tupu, ndiyo maana binti yako amekiinua kwa mkono mmoja. Kila kiungo nimekichomelea mwenyewe, na kila kiungo kinachobeba uzito nimekiongezea unene. Nilikikalia, kisha mlinzi wa karakana akanikalia mapajani huku akilalamika, na kiti hakikutikisika.

Sasa kulabu ya kutundikia kikapu chako. Mimi nilitaka kuifunga kwa kibano na skrubu. Wewe ukasema skrubu zitang'ata vitambaa vya wateja, na kibano kitaonekana kama kiraka kwenye suti. Umenishinda. Nimeichomelea moja kwa moja kwenye bomba la pembeni, lile linalobeba kiti, halafu nikaisugua mpaka ikawa laini. Pitisha kidole, hutajua imeanzia wapi.

Uniombee. Shule ya watoto wasiotembea imeomba kiti cha mfano. Wakikipenda, nitawatengenezea darasa zima. Nimewaundia pacha wa chako, pamoja na kulabu yake, watundikie mikoba. Hii ndiyo kazi niliyokuwa naisubiri tangu nianze kushika moto. Unakumbuka ulivyosema mbele ya ukoo mzima kwamba binti yako haolewi na mtu anayenuka moshi? Moshi wenyewe ndio huo umekuletea kiti.

Mkweo,
Mnuka moshi


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nilisema hivyo na sijafuta. Unanuka moshi. Lakini tangu kiti kifike nimewaambia watu wengi kuwa mkwe wangu ananuka moshi, na nimewaambia kwa sauti ya kujivuna, sijui hilo utalihesabu vipi.

Hujui kulikuwaje kabla yake. Jirani alikuwa ananibeba mgongoni kutoka nyumbani hadi kibandani kwangu, mtu mzima mimi, miguu inaning'inia, na wateja wangu wanageuza nyuso wajifanye wanaangalia vitambaa. Sikukwambia. Nilikuwa nafika kibandani nimeshachoka kwa aibu kabla ya kushika sindano. Sasa Jirani ananisukuma tu, na mimi nasalimia watu nikiwa nimekaa kama mgeni rasmi.

Njia yetu unaijua, ina matofali yaliyopangwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Kiti kikipita juu yake kinasema ta-ta-ta-ta, asubuhi kwenda, jioni kurudi, mpaka meno yangu yanagongana. Kikapu kinaning'inia kwenye kulabu na hakidondoki. Nimeikagua hiyo kulabu kama ninavyokagua mshono, kwa ukucha. Sijaona pa kushika. Nikasema huyu kijana angekuwa mshonaji ningempa kazi, na wewe unajua kwangu nguo yenye mshono uliopinda haitoki dukani. Naifumua hata mteja akiwa amesimama mlangoni na harusi inaanza.

Cherehani yangu ya mkono inazunguka tena tangu asubuhi. Mkono wa kulia una nguvu kuliko miguu yote miwili ilipokuwa mizima. Msalimie binti yangu, mwambie aache kunicheka kwenye simu.

Mama yako wa cherehani


2 Julai

Mama,

Shikamoo sana. Leo nina furaha hadi nimeunguza glavu.

Shule wamekipenda kiti. Amekipata msichana mmoja wanayemwita Kasuku, kwa sababu tangu aamke hanyamazi. Anashinda barazani akishindana na wenzake wa magongo, na baraza lao lina mabonde kuliko matofali yenu. Mwalimu mkuu anasema tangu Kasuku apate magurudumu hakuna mwalimu anayepumzika. Wanataka viti vya darasa zima kabla ya mwaka kwisha, na wazazi wataalikwa siku ya kuvikabidhi.

Ila mwalimu mkuu ni mwanamke makini. Ameniuliza, kuna mtu mwingine anayekitumia kiti cha namna hii kila siku, tofauti na Kasuku ambaye ndiyo kwanza ameanza? Nikamjibu yupo, mama mkwe wangu, na kama kingekuwa na kasoro angekuwa wa kwanza kunitangaza. Akacheka, akasema basi nimletee neno lako.

Kwa hiyo nakuuliza rasmi. Kiti kinaendaje? Kuna kinacholia, kinacholegea, kinachopinda? Kikague kwa ukucha wako ule. Niambie kweli kabisa, usinionee haya kwa sababu mimi ni mkwe. Neno lako ndilo litakaloanzisha kazi.

Mkweo


19 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, unisamehe. Na hati yangu usiicheke, naandika nikiwa nimejilaza.

Kiti hakina neno. Mwambie mwalimu mkuu hivyo hivyo, kiti hakina neno, mama mkwe amesema.

Mimi niliteleza bafuni, mkono ukaumia kidogo, si kitu cha kumfungisha mtu safari. Mwambie binti yangu asije, nyumba ni ndogo na Jirani ananipikia chumvi ya kutosha watu watatu. Kazi ya kushona nimeipumzisha wiki chache. Wateja wamelalamika, na waendelee kulalamika.

Anza kazi yako. Watoto wasicheleweshwe kwa sababu ya barua ya bibi.

Mama yako


8 Septemba

Mama,

Shikamoo.

Konda amenipa salamu zako, na amenipa pia habari ambazo wewe hukunipa. Anasema alikiona kiti kwa fundi baiskeli wa mtaa wenu, bomba la pembeni limekatika, wamelipiga bati la chuma na kulizungushia waya kama mguu wa kuku. Anasema alikuona mlangoni una plasta kutoka vidole hadi kiwiko. Mkono wa kulia.

Kwanza pole. Binti yako amelia.

Pili, Mama, nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikitafuta lugha ya heshima, sijaipata vizuri. Kiti kile nilikikalia na mwanamume mwenzangu juu yangu. Hakivunjwi na mtu mmoja aliyekaa akaenda kushona. Watu wa mtaa wenu nawajua, wakiona gurudumu wanatafuta gunia. Kile ni kiti, si mkokoteni. Kama mlikuwa mnabebea marobota, au mkaa wa Jirani, au sijui nini, mngeniambia nikawaundia mkokoteni.

Na usingekuwa na la kuficha, usingesema bafuni. Umenificha kwa sababu unajua ulichokifanya.

Nimeshamwambia mwalimu mkuu neno lako. Mabomba yote nimeshayakata. Sasa nikirudi kwake niseme nini? Kwamba mama mkwe wangu aliniambia uongo? Naona aibu kwa ajili yako na kwa ajili yangu.

Mkweo


12 Septemba

Mwanangu,

Umesema kweli. Tulitundika marobota ya vitambaa vya sare za shule, mazito, kwenye kulabu ile, na siku nyingine Jirani aliweka gunia mapajani mwangu. Mwili wangu nao umeongezeka, sikukwambia kwa kujisitiri. Ni mimi niliyekivunja.

Kiti hakikuwa na kosa. Mwambie mwalimu mkuu hivyo. Watoto ni wepesi, hawana marobota, na wao watakitunza kuliko mimi.

Usimwache binti yangu alie kwa ajili ya mkono. Mkono unapona.

Mama yako


20 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilinituliza, nami nimechelewa kukwambia kwa sababu ya kazi. Yamekwisha. Hakuna mtu asiyekosea, na mtu mzima anapokubali kosa lake kama ulivyokubali, nani tena atabaki na kinyongo? Nitakutengenezea kiti kingine kazi hii ikiisha. Cha kuketi tu, sawa?

Viti vimekamilika. Vimejipanga karakanani vinang'aa, mlinzi anavipangusa bila kutumwa. Kulabu zote nimezichomelea na kuzisugua kama ile yako. Makabidhiano ni Jumamosi hii, wazazi wote watakuwepo, na mwalimu mkuu amesema nitapewa nafasi ya kusema maneno mawili. Binti yako ameninyooshea shati mara mbili.

Kasuku naye aliletwa wiki iliyopita kubadilishiwa gurudumu, amelimaliza kwa mbio zake. Nilipokuwa nakikagua kiti chake niliona mkwaruzo mdogo kando ya kulabu, mweusi, mwembamba. Brashi ya chuma huacha alama za namna hiyo. Nikausugua, nikaupaka rangi, nikamrudishia kiti, akaondoka akiimba.

Nakueleza haya ili ujue kazi inakwenda vizuri na kwamba sina neno na wewe.

Mkweo


22 Oktoba

Mwanangu,

Usivitoe viti. Nimemwambia Jirani ampigie simu binti yangu amwambie hivyo hivyo, usivitoe mpaka kifurushi kifike, na asiseme zaidi. Yaliyobaki ni ya kinywa changu mwenyewe, na kinywa chenyewe hakiwezi, ndiyo maana naandika. Naandika kwa mkono wa kushoto. Ile barua ya Agosti nayo niliiandika kwa mkono wa kushoto, sikuwa nimejilaza.

Hakukuwa na robota wala gunia. Kikapu kilikuwa na vitambaa vilivyokatwa, vya gauni moja au mawili. Robota langu haliwezi hata kuingia kwenye kulabu ile, ungefikiri kidogo ungejua.

Kiti kilikatika ndani ya kibanda changu, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, nimekaa nangoja mteja aache kuongea. Kilitoa mlio mdogo, kama kijiti, na mimi nikaenda chini upande wa kulia, mkono chini yangu. Mteja alikuwa amekuja kuchukua shati la mazishi. Akaenda kuzika na shati lisilo na vifungo.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba nilikuwa nimeuona. Wiki kadhaa kabla, kando ya kulabu, niliona kitu cheusi chembamba, nikadhani ni uzi umenasa. Nikajaribu kuuokota kwa ukucha. Haukutoka. Siku nyingine nikajaribu tena, ukawa umerefuka, bado nikasema ni uzi. Mimi ninayejua uzi kuliko ninavyojua watoto wangu. Kisha nikajua si uzi, nikanyamaza. Barua yako ya kuuliza ilinikuta mkono uko kwenye plasta, nikakudanganya.

Kwa nini? Kwa sababu ni mimi niliyekudharau mbele ya ukoo, na nimekuja kukusifu mbele ya mtaa mzima kwa sauti ya juu kuliko niliyokudharaulia. Niliona nikisema kiti chako kimeniangusha, nitakuwa nimekuaibisha mara mbili katika maisha yako, na mara ya pili mbele ya shule. Uliponiandikia kuwa najua nilichokifanya, niliumia, kisha nikaona afadhali. Bibi kuitwa mvunja viti si kitu, atazoea. Fundi aliyemwangusha mama mkwe wake atauweka wapi uso wake? Nikakubali. Nikajiambia watoto ni wepesi, kitawavumilia.

Jana nikasoma barua yako, nikafika pale kwenye mkwaruzo wa Kasuku, nikamwita Jirani kabla sijaimaliza. Nilikuwa nakulinda wewe, kumbe nilikuwa nimemweka mtoto wa watu juu ya uzi ule ule.

Nimemwomba fundi baiskeli alitoe bati lake na kukata kipande kilichovunjika. Kimo ndani ya kitambaa hiki cha buluu. Kiangalie wewe mwenye macho ya kazi hiyo. Mimi nina aibu hata ya kukifunga.

Mama yako


2 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo siichani.

Binti yako aliponipa ujumbe wa Jirani nilikasirika. Nilisema, sasa huyu mama ananiwinda, amevunja chake anataka kuharibu na vya wengine. Nilisema hivyo mbele ya mke wangu, kuhusu mama yake. Kifurushi kilifika Ijumaa asubuhi, nikakifungua nikiwa bado na hasira, nimesimama.

Nilikaa chini nilipoona uso wa pale palipokatika. Bomba likivunjwa na mzigo mmoja mzito, hupinda kwanza, halafu uso wake wote hung'aa kama sukari. Lako halikupinda hata kidogo. Karibu uso wote umefifia, una mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile inayobaki kwenye beseni maji yakikauka kidogo kidogo. Yote inaanzia mahali pamoja, kwenye ukingo wa kulabu. Sehemu inayong'aa ni nyembamba kama ukucha. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimekushikilia siku ile mteja alipokuwa anaongea.

Moto wa kuchomelea hulainisha alumini kando ya mchomeleo. Hilo nilifundishwa chuoni, nalijua kama jina langu, na ndiyo maana kwenye viungo vikubwa niliongeza unene. Kwenye kulabu sikuongeza kitu. Niliona kulabu inabeba kikapu tu, nikasahau kwamba bomba nililoipachikia linakubeba wewe. Kila ta-ta-ta ya matofali yenu ililikunja bomba kidogo sana, pale pale nilipolilainisha. Chuma cha kawaida kingebeba mitikisiko midogo kama ile miaka nenda miaka rudi. Alumini haiko hivyo, hata mtikisiko mdogo inauweka akiba, inachoka polepole na haisemi. Kibano na skrubu visingelileta jambo hili. Na usijilaumu kwamba wewe ndiye uliyekikataa kibano. Mshonaji alisema anachopenda, fundi ndiye aliyepaswa kukataa.

Nilikimbia shuleni na nguo za kazi. Kasuku alikuwa barazani, yuko mbele ya wenzake wawili. Nikakisimamisha kiti, nikambeba nikamweka kwenye benchi, nikakwangua rangi pale kwenye kulabu, nikapaka dawa nyekundu inayoingia kwenye nyufa na kubaki humo ukiifuta. Chini ya rangi yangu nzuri, ufa ulikuwa umezunguka karibu nusu ya bomba.

Mama, mtoto aliangalia ile nyekundu, akanyamaza, yeye ambaye hanyamazi. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Ni mimi nimekivunja? Ni kwa sababu ya mashindano?"

Nikapiga magoti nikamwambia si yeye, ni mimi. Hakuniamini. Akaniahidi hatakimbia tena, ila nimrudishie. Na mimi nikakumbuka barua yangu ya Septemba, mkokoteni, magunia, unajua ulichokifanya. Nilikuwa nimekufanya useme neno lile lile alilosema mtoto, na wewe ukalisema, nami nikalipokea, nikakusamehe. Nilikusamehe, Mama! Nikiikumbuka ile barua ya msamaha natamani ardhi inimeze.

Jumamosi nilikwenda bila viti. Wazazi walikuwa wamevaa vizuri. Nilipopewa nafasi nilisema kwamba viti vina kosa, kosa ni la kulabu, na mwenye kulabu ni mimi. Nilisema kiti cha kwanza kimemvunja mkono mama mkwe wangu na mimi nikamwandikia kuwa amekivunja yeye. Baba mmoja akasimama akauliza kama nilijua. Ningeweza kusema sikujua. Nikasema niliona ufa kwenye kiti cha Kasuku, nikauita mkwaruzo, nikausugua, nikaupaka rangi, na moyoni nilijua brashi haiachi alama kama ile. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningepata pa kujishikiza. Mama mmoja alimchukua mwanawe akampachika mgongoni, akafunga khanga, akaondoka. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, watoto mgongoni kama walivyokuja. Nikakukumbuka na Jirani.

Mwalimu mkuu hakuniambia nirudi wala nisirudi. Hata hivyo nimeanza. Kuikata kulabu pekee hakutoshi, kwa sababu pale palipolainika hubaki vile vile, kwa hiyo natoa bomba zima la pembeni kwenye kila kiti na kuweka jipya lisiloguswa na moto katikati. Mlinzi ananisaidia kushika. Hanitanii tena, na hilo nalo linaniuma.

Naomba radhi. Sijui kuomba vizuri. Ile barua ya Septemba nakuomba uichome, nisijue kwamba bado ipo mahali. Na kama hutaki kunijibu, nitaelewa, nitaendelea kukuamkia kupitia binti yako.

Shikamoo tena.

Mkweo


15 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya pili.

Nimesoma barua yako mbele ya Jirani, nikalia, naye akalia ingawa nilimsomea robo tu. Usinipigie magoti kwenye karatasi, mimi nami sina pa kusimama. Ungepata kweli yangu mwezi wa saba, usingekata hata bomba moja. Wewe uliupaka ufa rangi, mimi niliupaka ulimi. Basi tumwombe radhi Kasuku wote wawili, na sisi kwa sisi tuamkiane tu kama kawaida.

Plasta ya pili imetolewa, mfupa ulichelewa kuunga. Vidole viwili havikunji, na daktari anasema nivipe muda, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kitu. Cherehani haizunguki. Nakwambia kwa sababu safari hii nimeapa kukwambia, si kwa kukuchoma.

Ile barua ya Septemba sijaichoma. Ilikuwa karatasi nzuri, ngumu, nikaikata ikawa kipimo cha mfuko. Kwa kipimo hicho nimeshona mifuko ya watoto wote, ya kufunga nyuma ya kiti kwa mikanda ya kitambaa, haihitaji kulabu, skrubu wala moto. Mikoba yao itaingia humo. Konda anayo, imo kwenye boksi lile lile lililoleta kiti. Wa Kasuku ni mwekundu, aache kuiogopa rangi hiyo.

Nimeishona kwa sindano, kwa mkono wa kushoto. Mishono imepinda, mwanangu. Imepinda vibaya, mingine inatembea kama kuku aliyelewa. Nimeitandika kitandani nikaitazama, nikashika wembe niifumue yote. Nikauweka wembe chini. Ni imara, nimeivuta na Jirani ameivuta, haifumuki.

Utakapovirudisha viti shuleni, mwalimu mkuu akitaka asitake, uipeleke wewe mwenyewe mikononi mwa wale akina mama. Wakiuliza nani kashona hivi, usiseme ni mwanafunzi wangu. Waambie ni mama mkwe wako, fundi cherehani.

Mama yako